Swali la Mwisho kwa Kapteni

Watu walianza kupanga foleni nje ya ukumbi wa hoteli kabla wafagizi hawajamaliza kazi. Nusu yao walivaa makoti marefu ya kijivu yenye vifungo vya shaba, na joto lote lile. Inspekta alipita pembeni yao akiwa na kitambulisho mkononi, akazuiwa na mama mmoja aliyevaa koti na kubeba mtoto juu ya koti.

"Dada, foleni inaanzia kule."

Inspekta alimwonyesha kitambulisho. Yule mama alikisoma vizuri tu, akafungua mkoba, akatoa chake, kadi ya uanachama iliyochakaa pembe zote.

"Na mimi ninacho. Foleni inaanzia kule."

Basi, akaenda kule. Alikuwa na siku moja tu ya kazi hii na hakutaka kuifungua kwa ugomvi. Mbele yake wanaume wawili wazima, wenye ndevu na familia zao, walikuwa wanabishana kama kovu la Kapteni lilikuwa shavu la kulia au la kushoto. Mmoja alisema mwaka juzi Kapteni mwenyewe alikosea jambo hilo jukwaani akazomewa na ukumbi mzima, mpaka akaomba radhi. Inspekta aliyasikia hayo na kuyaweka akiba, kama anavyoweka kila kitu.

Tamthilia yenyewe, *Zamu ya Mnara*, iliacha kuonyeshwa miaka mingi iliyopita, lakini nenda kawaambie wale watu. Kila mwaka hukodi ukumbi, huwaita waigizaji wao waliozeeka, huwakalisha nyuma ya meza wawasainie picha, na jioni huwapandisha jukwaani waulizwe maswali yaleyale. Mwaka uliopita waigizaji hao walikusanywa kupiga kipindi kimoja cha kumbukumbu. Katika kazi hiyo mtu alianguka kutoka juu ya mnara akafa, na huyo ndiye aliyemleta Inspekta.

Aliyekufa hakuwa nyota. Alikuwa mbadala, yule anayeruka na kuanguka kwa niaba ya nyota akiwa amevaa nguo zake. Kamba haikukatika wala fundo halikufunguka. Mtu mwenyewe ndiye aliyechomoka kwenye mkanda wa usalama, ule unaozunguka kifua, kiuno na mapaja, akiwa hewani, kwa sababu mkanda ulikuwa umelegea kiunoni na mapajani. Aliyempima na kumfunga mkanda huo ni fundi wa kamba, na fundi huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa damu. Sasa alikuwa mahabusu kwa kosa la kuua bila kukusudia. Kesi yake ilikuwa inafungwa Jumatatu, na leo ilikuwa Jumamosi.

Mkuu wa upelelezi alishasema faili limekamilika. Lingebaki limekamilika kama mke wa fundi asingekuja kituoni wiki iliyopita. Hakulia, wala hakumtetea mtu. Alikaa kwenye benchi, akapakata mkoba wake, akasema, "Inspekta, mimi siombi mume wangu aachiwe. Naomba niambiwe kama amemwua kaka yangu. Nikijua ameua, nitajua pa kumweka. Nikijua hakuua, vilevile. Tangu msiba sijampelekea hata kipande cha sabuni, na kila siku naamka sijui kama nimekosea." Inspekta amewasikia wengi wakilia kwenye benchi lile. Huyu alimkaa rohoni, na ndipo akalifungua faili upya.

Akaenda mahabusu kuzungumza na fundi, akasikia kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza. Mkanda ulikuwa mpya, ulitolewa kwenye boksi asubuhi ileile. Ni aina ambayo mvaaji hupimwa mara moja: fundi hukaza kiunoni na mapajani kulingana na mwili wake, anapiga chaki mahali bizimu, vile vyuma vya kukazia, zinapotakiwa kukaa, na baada ya hapo mvaaji anaingia na kutoka kwa kufungua kifungo kimoja tu cha kifuani. Vipimo havisogei mpaka mtu avisogeze kwa mkono. Fundi alimpima shemeji yake asubuhi, mkanda ukavuliwa ukaachwa juu ya mnara, yeye akashuka kupanga magodoro, maana waandaaji walimwajiri peke yake kwenye kazi ya watu wawili. Mchana, kabla ya kuruka, alimwuliza shemeji yake kwa redio kama mkanda uko sawa.

"Akanijibu, 'Upo kama ulivyouacha,'" fundi alisema. "Nikamwamini. Nilitakiwa nipande nikaushike kwa mkono wangu. Sikupanda. Hilo ni langu, andika. Lakini mimi niliuacha umekaza."

Bizimu zilikutwa zimesogea kiganja kizima nje ya chaki. Mwendesha mashtaka alisema fundi alikuwa amelewa akapima ovyo, na alikuwa na shahidi wa kusema hivyo. Lakini Inspekta alikwenda stoo ya vielelezo akautandaza ule mkanda mezani. Mkanda uliopimwa ovyo hulegea upande mmoja zaidi ya mwingine. Huu ulikuwa umelegezwa kiunoni na mapajani kote, sawasawa, kwa uangalifu. Hapo kuna mtu alikuwa anatafutiwa nafasi, mtu mnene kuliko marehemu. Akauvaa mwenyewe juu ya shati, mtunza stoo akimcheka. Bizimu zake ziko kushoto badala ya kulia, akahangaika nazo. Chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na mshono mgumu ambao ulimchubua, na fundi alikuwa amemwambia habari ya mshono huo, kwamba alikusudia kuuzungushia kitambaa laini jioni. Mambo hayo hayakuandikwa kwenye faili wala gazeti lolote, na mkanda haujatoka stoo tangu siku ile.

Kati ya walioruhusiwa kupanda mnarani, mnene alikuwa mmoja. Naye alishaandikisha maelezo kwamba hakupanda.

Foleni ilipofika mlangoni, Inspekta alisimama chini ya bango. Kapteni alikuwa juu ya ukingo wa mnara, koti limevimba kwa upepo, mkono ameunyoosha, mji wote chini ya viatu vyake. Picha ilikuwa nzuri, hakuna ubishi.

Sajenti wake, mtu mpole mwenye daftari, alikuwa ameshapata chumba nyuma ya jukwaa. Kilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, chenye vioo, sinki moja na maboksi ya picha za kusainiwa. Wa kwanza kuingia alikuwa mwigizaji wa kike ambaye kila mtu alimwita Daktari, maana ndiyo nafasi aliyoigiza. Ndiye aliyekuwa shahidi wa pombe.

"Keti, mama. Nisimulie tena asubuhi ile."

"Mwanangu, nilishasimulia mahakamani."

"Mimi sikuwepo mahakamani."

Daktari alijiweka sawa kwenye kiti. Sauti yake ilibadilika, ikatulia, ikashuka. "Nilisikia harufu kabla sijamwona mtu. Nikageuka. Alikuwa amesimama pale, kamba begani, macho mekundu. Nikamwambia, baba, leo umefunga kamba au kamba imekufunga wewe?"

Akanyamaza. Alimtazama Inspekta, akamtazama sajenti, akasubiri. Kimya hicho kilikuwa cha ajabu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa kitu. Baadaye akaendelea, lakini Inspekta alishaona kwamba mama huyu alikuwa amewaachia nafasi ya kucheka.

"Kapteni alikuwa wapi wakati huo?"

"Na mimi, kwenye gari la nguo. Goti lilikuwa linamsumbua. Hatukutoka mpaka tuliposikia kelele."

"Sasa fundi ulimwona wapi?"

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo fundi alikuwa juu ya mnara anampima mtu. Na wewe umesema hukutoka garini."

Daktari aliangalia mikono yake. "Nilisema sikutoka wakati Kapteni yupo. Mwanangu, mimi ni mtu mzima, usinizungushe."

"Sikuzungushi, mama. Asante. Kamalizie watu wako."

Kapteni hakukubali kuja chumbani. Alisema watu wamesubiri tangu alfajiri, kwa hiyo Inspekta akamfuata mezani, akakaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki huku picha zikipita. Alikuwa mzee mnene, mchangamfu, mwenye sauti inayofika mbali bila kupaza. Kila shabiki alimwuliza jina na hali ya nyumbani kwake, akasaini, akamshika mkono kwa mikono miwili. Tuseme ukweli, aliwapenda.

"Afande, goti hili lilinistaafisha zamani," alisema kwa sauti ya chini, akisaini. "Siku ile sikupanda hata ngazi moja. Muulize Daktari."

"Nimemwuliza. Na picha ya pale mlangoni?"

Akacheka kidogo, akamsogelea. "Kompyuta. Nilisimama studio, mbele ya kitambaa, mnara wakaupachika wao. Ila usiwaambie hawa. Hawa wanajua miruko yote niliruka mwenyewe. Ukiwaambia umenizika."

"Na yule aliyekuwa anaruka?"

Kalamu ilisimama juu ya picha. "Alikuwa kijana mzuri," Kapteni alisema. "Namwombea kila siku." Halafu akamwita anayefuata.

Inspekta aliondoka mezani na hasira ambayo hakuipenda. Alikuwa na mashahidi wawili wanaoshikana mikono, na faili lililokamilika. Akazunguka ukumbi akitafuta maji, akafika kwenye meza ya mitambo ya sauti, ambako mshereheshaji wa tamasha alikuwa anapima vipaza sauti na kugombana na nyaya. Ndiye aliyewauliza maswali waigizaji hawa jukwaani tangu tamasha la kwanza. Hakuwa na haraka ya kuzungumza na polisi, lakini alikuwa na kiu ya kulalamika.

"Nimewauliza kila kitu," alisema. "Naweza kuwajibia mimi wakabaki hotelini wamelala. Daktari ana hadithi saba. Ya paka, ya mvua, ya busu lililokataa, ya fundi mlevi..."

"Fundi gani mlevi?"

"Fundi wa taa. Ya siku nyingi hiyo, msimu wa kwanza. 'Nilisikia harufu kabla sijamwona mtu. Baba, leo umewasha taa au taa imekuwasha wewe?' Watu huvunjika mbavu." Aliyasema kwa kuchoka, kwa kituo kilekile na kushusha sauti kulekule. "Kwa nini unaniangalia hivyo?"

"Mwaka huu ataisimulia?"

"Mwaka huu ameniomba nisimwulize. Nilidhani ni heshima kwa marehemu."

Inspekta alivuta kiti. Shahidi wa pombe alikuwa ameanguka pale pale kwenye meza ya nyaya, lakini kumwangusha shahidi hakumsimamishi mwingine. Fundi angeweza kuwa hakulewa na bado akawa amepima vibaya. Alihitaji mtu aliyelegeza, na mtu huyo alikuwa na majibu mawili: kwa polisi hakupanda, kwa mashabiki alipanda na kuruka.

"Kapteni akiulizwa jukwaani jambo asilolijua, hufanyaje?"

"Hawezi kusema hajui. Wamelipa viingilio, wamevaa makoti."

"Kwa hiyo anabuni."

"Abuni wapi, dada? Hawa watamla mzima. Wanajua nguo, wanajua tarehe, wanajua hata sahani zilizokuwa mezani. Alikosea kovu lake mwenyewe wakamzomea." Mshereheshaji alitikisa kichwa. "Mambo makubwa anaongopa bila hofu, kwamba ameruka, kwamba amevunjika. Ukimwuliza jambo dogo ndipo huogopa. Kwenye jambo dogo hutafuta la kweli kwanza, analishikilia hilo, halafu analipamba."

Inspekta akauliza kama maswali ya jioni hurekodiwa. Hurekodiwa yote, picha na sauti, tangu taa zinapowashwa. Akamwomba asibadilishe kitu chochote, aendeshe kama kawaida.

Yeye mwenyewe asingeweza kuuliza, Kapteni alishamjua sura. Sajenti pia. Akatazama foleni ya kipaza sauti iliyoanza kujipanga kwenye njia ya katikati, akamwona mwisho wake yule mama wa asubuhi, sasa mtoto amelala begani.

"Dada, utauliza nini?"

"Haikuhusu."

"Kweli. Ila nilikuwa natamani mtu amwulize ile picha ya bango. Ndani ya koti alivaa mkanda wa usalama, mpya kabisa. Ulimkaa vipi mwilini? Hakuna aliyewahi kumwuliza."

Yule mama alimtazama upya, safari hii kwa heshima. "Mbona sikulifikiria hilo," alisema. "Nilitaka kuuliza habari za mke wake wa kwenye msimu wa tatu, lakini wote huuliza hilo." Akambadilisha mtoto bega. "Mpya, umesema?"

"Mpya. Zaidi ya hapo sijui, ndiyo maana nauliza."

Inspekta alihakikisha sajenti ameyaandika maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, ili pasiwe na mtu wa kusema shahidi alifundishwa. Kisha wakasimama nyuma, karibu na mlango, kwenye giza.

Kapteni na Daktari walipanda jukwaani kwa makofi yaliyotikisa viti. Walikuwa wazuri, lazima isemwe. Kapteni alisimulia mruko wa daraja, akasimulia mruko wa moto, ukumbi ukimalizia sentensi zake. Daktari akasimulia ya paka. Wakaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya kijana aliyefariki kazini, na Kapteni aliinamisha kichwa kwa muda mrefu kuliko wote. Mshereheshaji akatangaza swali la mwisho.

Mama alishika kipaza sauti kwa mkono mmoja. "Kapteni, shikamoo. Ile picha ya mlangoni, ya juu ya mnara. Ndani ya koti ulivaa mkanda mpya. Ulikukaa vipi?"

Watu waligeuka kumtazama. Lilikuwa swali dogo, la mtu anayejua. Wale wanaume wawili wa kovu walikuwa wamesogea mbele kwenye viti vyao. Kapteni alitabasamu, akafungua mdomo, akaufunga, na Inspekta aliona jinsi alivyokuwa anatafuta.

"Huyu ndiye shabiki," alisema hatimaye. "Wengine mnaniuliza habari za wake. Mama, usinikumbushe ule mkanda. Mimi nimezoea kufunga kulia, huu bizimu zote ziko kushoto. Nilihangaika juu pale na upepo ule nikajiona mjinga." Watu wakaanza kucheka, naye akapata nguvu. "Halafu hapa," akainua mkono wa kushoto, akajigusa chini ya kwapa, "hapa kuna mshono mgumu, sijui nani aliushona. Ulinichubua wiki nzima sikulalia upande huu. Na haunienei. Nikamwambia Daktari, mama, legeza hapa, legeza na hapa, tumbo hili halikuwepo zamani..."

Ukumbi ulilipuka. Yule mama alicheka mpaka mtoto akaamka. Jukwaani Daktari aliweka glasi yake ya maji chini, polepole, akitazama mbele. Kapteni alikuwa bado ameinua mkono. Kicheko kikaendelea bila yeye. Alishusha mkono, akayapeleka macho nyuma ya ukumbi, kwenye giza la mlangoni, mpaka akampata Inspekta.

"Basi," alisema kwenye kipaza sauti. "Ilikuwa hivyo."

Walimkuta chumbani amekaa juu ya boksi la picha. Alikuwa amevua koti, na bila koti alikuwa mzee tu mwenye shati lililoloa. Daktari alisimama karibu na sinki. Sajenti alifunga mlango.

"Hadithi ya fundi wa taa," Inspekta alimwambia Daktari.

Hakubisha. "Ilikuwepo tayari," alisema. "Polisi waliniuliza fundi alikuwaje, ikatoka yenyewe. Nilibadilisha fundi tu."

"Mtu yuko ndani kwa ajili ya hadithi hiyo, mama."

"Najua aliko."

"Ulijua ulipokuwa unaitoa?"

Daktari alifungua bomba, akalifunga tena bila kunawa. "Nilijua," alisema.

Inspekta akamgeukia Kapteni. "Nani alipiga ile picha?"

"Yeye," Kapteni alisema, akimwonyesha Daktari, "kwa simu yake. Ilikuwa picha tu, Afande. Watu walikuwa wamekwenda kula. Nilitaka moja tu ya kweli, niko juu kweli, siyo kompyuta. Hakuna anayepanda kule bila mkanda, na mkanda ulikuwa pale."

"Ukaulegeza."

"Haukunitosha."

"Ulirudisha vipimo?"

"Sikujua kama vina chaki. Koti lilikuwa juu yangu, sikuona." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilikuwa nauvua, kijana akatokea ngazini. Akanikuta nao mkononi. Akaniuliza, 'Mzee, hujagusa kitu?'"

"Ukamjibuje?"

Nje watu walikuwa wanaimba wimbo wa tamthilia, wanagonga viti.

"Nilimwambia sijagusa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa ananitazama," Kapteni alisema. "Miaka yote ile yule kijana alikuwa ndiye mwili wangu. Watu wakisema Kapteni ameruka, ni yeye. Sikutaka ajue mkanda wake hauniingii. Niliona aibu, Afande. Aibu ya tumbo. Nikampa mkanda, akauvaa mbele yangu, akabana kifungo. Alipoulizwa kwenye redio alinitazama, akasema upo kama ulivyouacha. Alisema hivyo kwa sababu mimi nilimwambia."

Daktari alikuwa analia sasa, bila sauti. Hakuna aliyemwendea. Inspekta aliwasomea maelezo yao, wakasaini mmoja baada ya mwingine, akampigia simu mwendesha mashtaka nyumbani kwake na kumharibia Jumamosi. Mtu wa mitambo akaleta rekodi, ikafungwa na kuwekwa lakiri. Walipokuwa tayari kutoka, Kapteni alinyanyuka akitegemea ukuta.

"Kuna watu hawajapata saini," alisema. "Wametoka mbali. Naweza kuwamaliza kwanza?"

"Hapana," Inspekta alisema.

Walimtoa kwa mlango wa jikoni.

Inspekta hakutaka kusema jambo hili kwa simu. Alifika nyumbani kwa mke wa fundi usiku uleule, mlango ukiwa bado wazi. Mke wa fundi alikuwa anakunja nguo za watoto juu ya kochi. Pembeni yake alikaa mama yake, mama wa marehemu, mtu mzima mwembamba aliyehamia pale tangu msiba. Katika nyumba ile, Inspekta alishaambiwa, jina la mkwe lilikuwa halitajwi.

Alikataa kukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa maneno machache, bila kupamba: nani alivaa, nani alilegeza, nani aliulizwa akasema sijagusa. Alisema pia kwamba fundi hakupanda kuukagua kwa mkono wake, na kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyetaka hilo liandikwe. Jumatatu mahakama itaelezwa. Kuachiwa kunaweza kuchukua siku kadhaa, karatasi ni karatasi.

Mke wa fundi alikuwa ameshika shati dogo kifuani. "Kwa hiyo hakuua," alisema.

"Hakuua."

Akakaa chini, palepale sakafuni katikati ya nguo, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio alichokuwa amekizuia kwa ajili ya watu wawili. Mama yake hakumbembeleza. Alikuwa anamtazama Inspekta.

"Mwanangu, kule mahabusu wanaruhusu kuona watu siku gani?"

"Hata kesho, mama. Kuanzia saa nne."

"Siku ya kuzika alikuja, walikuwa hawajamkamata," mama alisema. "Alichota udongo atie kaburini, nami nikamwambia mbele ya watu wote, usimtilie mwanangu udongo kwa mikono hiyo. Hakunijibu. Alitoka makaburini na ule udongo mkononi, akapita katikati ya watu, wakampisha."

"Mama, hukujua," binti yake alisema kutoka sakafuni.

"Sikujua, lakini nilisema." Akaanza kukunja nguo zilizobaki, shati juu ya shati, akizipanga vizuri. "Kesho wewe utakaa nje. Nitaanza kuingia mimi."

"Atakuogopa, mama."

"Aniogope," alisema. "Nitakaa naye mpaka aache."